Daftari la tetesi: namna ya kuanzisha kikundi cha vijana mahali ambapo watu waliwahi kukimbia

Jumatano ya Mei 22, 2013, mama alikuwa anapika vitumbua kibarazani kwetu, Mtwara mjini. Maduka yalikuwa yamefungwa. Vipeperushi visivyo na jina la mtu vilikuwa vimezunguka vikitaka watu waache kazi wafuatilie bunge, na redio ya jirani ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Kilichosubiriwa ni kauli moja tu kutoka Dodoma: bomba la gesi ya Mtwara, lile la zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam, linajengwa au halijengwi? Jibu lilipokuja kwamba linajengwa, sikumbuki nani alianza kupiga kelele. Namkumbuka mama akikiinua kikaango, mafuta yakiwa bado yanachemka, akiingia nacho ndani kwa hatua ndogondogo yasije yakammwagikia, na moshi wa matairi ukiwa tayari uko juu ya mapaa.

Kaka yangu alikuwa na miaka 19. Alitoka kumfuata dada saluni. Dada akarudi peke yake. Kaka alikaa siku tatu kwenye mikorosho nje ya mji pamoja na vijana wengine, wakila mihogo mibichi, kwa sababu njiani alikutana na mtu aliyemwambia kwamba mtaani kwetu vijana wa kiume wanatolewa nyumba kwa nyumba. Mtaani kwetu hakuja mtu. Katika siku hizo tatu mama aliletewa habari za kifo cha mwanawe mara mbili, na watu wawili tofauti, kila mmoja akiwa amezipata kwa "mtu wa uhakika". Mara ya pili alishahamisha kabati la sebuleni ili mikeka ya msiba ipate nafasi.

Nilikuwa na miaka 13. Mambo ya mikataba na bajeti sikuyaelewa, lakini nilielewa kwamba mama yangu alihamisha kabati kwa neno ambalo hapakuwa na mahali pa kwenda kuliuliza. Leo nafanya kazi na vijana, sehemu kubwa kwenye vijiji vya bonde la mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji, na kila kikundi ninachosaidia kukianzisha kina shabaha hiyo moja: tetesi ikifika kijijini, iwe na pa kwenda kabla haijaingia nyumbani kwa mtu. Mpira, akiba na bustani vinafuata baadaye. Hapa naandika namna ninavyofanya, kwa ajili yako unayetaka kuanza.

Uliza walilala porini lini

Usifike na swali la "changamoto zenu ni zipi". Utapewa orodha ileile aliyopewa mgeni aliyekutangulia: maji, barabara, ajira. Mimi nikikaa na wazee huuliza, "Mara ya mwisho mlilala porini lini?" Kisha nanyamaza, hata kama kimya kinakuwa kirefu.

Bibi yangu mzaa mama angelijibu swali hilo kutwa nzima. Alizaliwa Mueda, kwenye uwanda wa Wamakonde ng'ambo ya Ruvuma. Vita ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na Mreno ilipoanza, Septemba 1964, haikuchukua muda naye akavuka mto usiku kwa mtumbwi, mtoto akiwa kifuani, amemtia titi mdomoni safari nzima asije akalia. Walipelekwa Rutamba, Lindi, kwenye makazi ya wakimbizi, na huko ndiko alikozaliwa mama. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975, wengi walirudi kwao, bibi akabaki. Mpaka anafariki, nyumbani kwake hakikuwekwa kitu mlangoni: si ndoo, si kinu, si kigoda. Sisi wajukuu tulichapwa kwa kuacha mpira kizingitini na hatukujua kisa chake.

Ukiuliza hivyo, historia ya mahali inafunguka kwa mpangilio ambao hutaukuta kwenye taarifa yoyote. Mzee wa Mtwara atakuanzia na reli ya kusini, iliyong'olewa miaka ya 1960 baada ya mpango wa karanga wa Mwingereza kuanguka, na papo hapo utaelewa kwa nini mwaka 2013 neno "gesi inaondoka" liliaminika bila kuulizwa mara mbili: hawa walishaona reli ikiondoka. Mkulima wa Liwale atakutajia Aprili 2013, malipo ya korosho yalipokuja pungufu na nyumba zikachomwa moto. Wa karibu na mto, Mtwara Vijijini, atakutajia Oktoba 2020, Kitaya ilipovamiwa na watu wenye silaha kutoka ng'ambo, wakaua na kuchoma nyumba. Vita ya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa imeanza miaka mitatu nyuma, Oktoba 2017, huko Mocímboa da Praia. Vijiji vya upande wetu vilikuwa vinaisikia kwa mbali, kwa simu za shangazi na binamu, mpaka ilipovuka yenyewe.

Usiandike mbele yao. Sikiliza, rudi ulikofikia, ndipo uandike. Wala usipime uchungu wa mtu kwa uchungu wa mwingine. Niliwahi kumsimulia kijana mmoja habari za bibi yangu nikidhani nampa moyo. Akainama. Baadaye rafiki yake aliniambia alichosikia yeye ni kwamba nyumba yao kuchomwa si kitu.

Wa kuwaona, na wa kumwona kwanza

Utaratibu unaujua: mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na barua ya utambulisho ya halmashauri mkononi. Maeneo ya mpakani usiruke hata hatua moja. Mgeni anayekusanya vijana bila kujulikana atashukiwa, na shaka hiyo haitabaki kwako wewe utakayepanda gari la alfajiri. Itawabakia vijana uliowakusanya.

Ila wapo watu wasio na mhuri, na hao ndio wenye kijiji. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa na wavulana 17 na msichana mmoja, naye alikuja kwa sababu mimi nilikuwa nalala kwao. Nilikuwa nimewaona viongozi wote, sikumwona nyakanga, bibi anayewacheza unyago wasichana wa kijiji kizima. Nilipokwenda kwake hatimaye, na kilo ya sukari, nikamwamkia nikakaa chini mkekani, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza jambo moja tu.

"Mkutano wenu unaisha saa ngapi, mwanangu?"

"Saa kumi na moja, bibi."

"Basi iwe saa kumi na moja."

Wiki iliyofuata walikuja wasichana 9. Mpaka leo ikifika saa kumi na moja jioni tunafunga, hata kama mtu yuko katikati ya neno zito. Msichana akichelewa kurudi mara moja tu, atakayezuiwa wiki ijayo si yeye peke yake.

Halafu kuna suala la posho. Kijiji hicho kilikuwa kimewahi kutembelewa na shirika moja, siku mbili: fulana, soda, picha, hotuba ya amani. Vijana walinionyesha zile fulana, zimepauka, wanalimia. Wakaniuliza, "Na wewe utarudi?" Nikasema nitarudi Jumanne. Jumanne ilinyesha mvua kubwa. Nilifika nimelowa nikakuta vijana watatu chini ya mwembe wamejifunika turubai la bodaboda, wamekuja kuhakikisha kama nitafika. Watatu hao ndio waliokijenga kikundi. Kwa hiyo usigawe posho, kwa sababu siku ikikosekana kikundi kimekufa, na usitaje siku ambayo huna hakika nayo. Kama usafiri ni shida, sema wiki mbili, usiseme moja. Chakula cha pamoja ni jambo jingine: chai na mihogo, au ming'oko, ile mizizi ya porini, ikiwa ni wakati wake, kila mtu akija na alichonacho. Kinachotoka nyumbani kwao hakikomi ukiondoka.

Kuhusu misimu nitasema kwa kifupi. Usianze Oktoba hadi Desemba. Hiyo ni korosho, kila mkono uko shambani na kila kichwa kiko kwenye mnada. Wakati wa mpunga bondeni vijana wanalala dunguni, kwenye kibanda cha juu cha kulindia shamba, kufukuza nguruwe na viboko. Mimi huanza Juni au Julai. Kupuliza salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kwenye mikorosho ni kazi ya alfajiri upepo ukiwa umetulia, kwa hiyo alasiri wapo. Uliza tu mapema tarehe za jando na unyago.

Kazi ya kwanza iishe siku hiyohiyo

Watu waliowahi kukimbia wamezoea mambo yasiyokamilika: nyumba iliyobaki nusu, shamba lililoachwa na mazao, shule iliyokatishwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kikundi isiwe mradi. Iwe kitu kinachoanza asubuhi na jioni kimekwisha, watu wote wanakiona.

Kijiji kimoja cha mtoni tulianza na nyumba ya bibi mjane. Tangu arudi alikokimbilia alikuwa analala jikoni kwa jirani, kwa sababu udongo wa kuta zake ulikuwa umeporomoka zikabaki fito tupu. Vijana walikuwa 11. Walikata fito za kuongeza, wakachimba udongo wa kichuguu, wakaukanda kwa miguu mpaka ukawa laini kama ugali wa muhogo.

Kukandika ukuta ni kazi ya watu wawili kwa kila sehemu, mmoja ndani na mmoja nje. Mnabamiza udongo kwa wakati mmoja ili ukutane katikati ya fito ushikane. Ukibamiza peke yako, unapita na kudondokea upande wa pili. Kulikuwa na vijana wawili pale ambao hawakuwa wamesalimiana karibu mwaka mzima. Familia ya mmoja ilikimbia, ya mwenzake ikabaki; waliokimbia waliporudi hawakukuta mbuzi wao, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema. Sikuwapanga mimi. Kijana aliyesimamia kazi, aliyewajua tangu utotoni, ndiye aliyemtuma mmoja ndani na mwingine nje ya ukuta uleule. Kwa muda mrefu kilichosikika ni "Tayari?" na "Tayari", na udongo ukigonga udongo. Ukuta ulipofika usawa wa macho hawakuonana tena, ila sauti ziliendelea. Habari za mbuzi hazikuisha siku ile. Ziliisha miezi mingi baadaye, mbele ya wazee. Lakini jioni walinawa kwenye beseni moja.

Mpira unasaidia, na wengi huanzia hapo. Angalizo langu: timu za vijiweni mara nyingi zinafuata ugomvi wa zamani, kitongoji kwa kitongoji. Sisi tunagawa kwa mwezi wa kuzaliwa, Januari hadi Juni upande mmoja, Julai hadi Desemba upande wa pili. Asiyejua mwezi wake anachagua. Ndugu wanajikuta wapinzani, na waliogombana wanajikuta wanapasiana.

Daftari lenyewe

Nunua kaunta buku, lile daftari la jalada gumu. Pigeni mistari wenyewe, kwa rula, kurasa zote. Safu ni nne: kinachosemwa; kimefikaje hapa; nani anakwenda kuuliza na kwa nani; jibu na tarehe. Kila kikao kinaanza na swali, "Wiki hii mmesikia nini?" Wawili wanachaguliwa kuwa waandishi, mvulana na msichana, wanaokaa miezi mitatu kisha wanapisha wengine.

Mwanzoni yatakuja madogo, na yachukue kwa uzito uleule. Tuliwahi kuandika: "Salfa imekuja, wamegawana ndugu wa viongozi." Wawili wakaenda kwenye chama cha msingi cha ushirika, wakasalimia, wakaomba kuonyeshwa orodha ya mgao. Jibu lilikuwa kwamba shehena ilikuwa haijafika, na tarehe inayotarajiwa wakaandikiwa kwenye karatasi. Karatasi ile tuliibandika kwenye mwembe wa kijiwe cha bodaboda. Kijana anayeweza kwenda kuuliza habari za salfa bila kugombana na mtu, siku ya jambo kubwa miguu yake inaijua njia.

Kanuni ya kwanza, ambayo nakusihi usiilegeze: daftari haliandiki jina la mtu anayetuhumiwa. Siku moja kijana alisema, "Fulani wa kitongoji cha chini anawapelekea chakula wale watu." Mwandishi akainua kalamu. Nikamwomba ashushe. Tukaulizana nani ameona kwa macho yake, si kusikia. Hakuna. Tukamwambia aliyelileta kwamba, akiona kwa macho, ndipo aende kwa mtendaji pamoja na mzazi wake, asiende kijiweni. Mpakani jina likishaandikwa haliwezi kufutika, na wenye jamaa ng'ambo, yaani karibu kila ukoo wa Kimakonde pale, wataacha kuja wakihisi kikundi kimekuwa cha kuchunguza watu. Siku hiyohiyo kikundi kimekwisha. Wala usimuulize kijana mgeni "kwenu ni wapi" siku ya kwanza. Atakuambia akiwa tayari.

Kanuni ya pili ni ya usalama. Jambo linalohusu silaha au uhai wa mtu haliendewi kwa miguu na halingoji kikao. Linapelekwa kwa mtendaji na mwenyekiti saa ileile, na watu wawili, si mmoja. Jioni moja ya mwaka 2022, kiza kikianza kuingia, bodaboda aliingia kijijini mbio akisema kuna watu wanne wamebeba bunduki wanapita kwenye mpunga. Akina mama wakaanza kufunga magodoro. Mwandishi wetu, binti wa miaka 20, alimpigia mtendaji kwanza. Halafu akampigia mjomba wake aliyekuwa anachunga shamba upande ule.

"Shikamoo mjomba. Uko dunguni?"

"Marahaba. Nipo."

"Usishuke. Hapo chini unaona watu?"

Akakaa kimya kidogo. "Naona wavuvi. Wamebeba makasia begani. Wa mbele ni mwanangu."

Vijana wawili wenye pikipiki walizunguka vitongoji vyote wakirudia maneno hayohayo, "Ni wavuvi, wamebeba makasia, tumeulizia kwa mzee aliye dunguni." Waliopewa kazi ya kuzunguka walikuwa bodaboda kwa makusudi. Jibu sharti lipite njia ileile iliyopitiwa na tetesi: kijiweni, kisimani, kwa mama lishe, msikitini baada ya swala. Ukilitangaza ofisini tu, litabaki ofisini.

Siku hizi tetesi nyingi zinafika na picha. Palma, mji wa Msumbiji karibu na mpaka, uliposhambuliwa Machi 2021, simu za vijiji vyetu zilijaa ujumbe wa sauti na picha za nyumba zinazoungua, zikisemwa ni za kijiji jirani upande wetu. Wafundishe vijana kuikuza picha na kutazama kando, wauache moto wenyewe. Moja tuliyoikuza ilikuwa na ubao wa duka ulioandikwa "farmácia". Hicho ni Kireno; kwetu mwenye duka angeandika duka la dawa. Tazameni pia miti, udongo, kama ni masika au kiangazi. Na waelezeni wazi kwamba kusambaza uongo kwenye simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wengi wanadhani kosa ni la aliyetunga peke yake.

Kuna maswali ambayo hayajibiki kwa kutembea. Andikeni "hatujapata" na tarehe, msiache wazi. Kisha yapelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kusema. Chagueni swali moja tu kwa mkutano, liandikeni, na asiwe msemaji mkali kuliko wote anayelisoma. Nikikumbuka mwaka 2013 naamini hoja ya watu wa kusini ilikuwa ya haki: walitaka kujua watabaki na nini. Kilichoniumiza ni kwamba mtaani kwetu swali hilo halikuwahi kukaa kwenye kiti likaulizwa polepole. Lilipita kwenye vipeperushi, likapita redioni, likatoka barabarani.

Na siku kikao kikichacha, tumieni watani. Wazee husimulia kwamba utani mwingi ulizaliwa baada ya vita, na bado una kazi hiyo. Kwenye kikundi chenye Wamakonde, Wamwera na Wayao, mtani anaweza kumwambia mtu ukweli ambao ukisemwa na ndugu yake utaleta ngumi.

Usimwombe kijana asimulie

Wageni wanaotembelea vikundi hivi mara nyingi wanataka "ushuhuda". Kataa, kwa adabu, kila mara. Kijana akitaka kusema atasema mnapokanda udongo au mnapomenya mihogo, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini. Wewe endelea kumenya. Usimkatize, usilie kumzidi, usimwahidi kwamba yatapita.

Angalia wasiolala, wanaoruka kwa kishindo, waliokuwa wanachangamka wakanyamaza. Zungumza na mzazi au mlezi, mpeleke zahanati, na wakimwandikia rufaa kwenda hospitali kubwa, Ligula au Ndanda, panda naye gari. Kijana akiambiwa "nenda hospitali" hatakwenda. Akiambiwa "twende" atakwenda. Wewe si daktari, na hilo liseme wazi.

Mambo madogo ya kijiji yanasaidia kuliko mtu anavyodhani. Kwenye kikundi kimoja watoto walikuwa wanaamka wakipiga mayowe kila pikipiki ikipita usiku. Vijana wakakubaliana na bodaboda wote: anayeingia baada ya saa mbili usiku apige honi mara mbili fupi akifika kwenye mwembe mkubwa. Baada ya wiki chache mama mmoja aliniambia mwanawe wa miaka 6 husikia honi, anasema "wa kwetu", anageuka upande wa pili na kulala.

Fedha zije nyuma

Mikopo ya halmashauri ipo: asilimia 10 ya mapato ya ndani, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Ni haki yao. Lakini kikundi kilichozaliwa kwa ajili ya mkopo kinavunjika siku ya kugawana, nimeshaona. Wakae mwaka mmoja kwanza, waweke akiba yao wenyewe kwenye sanduku la kufuli tatu kama vikundi vya kuweka na kukopa vya Vicoba, funguo kwa watu watatu wa koo tofauti, na hesabu isomwe kwa sauti kila kikao. Baada ya hapo andikeni katiba fupi, pelekeni muhtasari kwa mtendaji na kwa afisa maendeleo ya jamii, mkasajiliwe. Kuna faida moja kubwa ya akiba inayosahaulika: vijana wenye fedha kidogo sandukuni hawauzi korosho za nyumbani kwa kangomba, ile biashara ya walanguzi nje ya mnada, zikiwa bado mtini, na hapo ugomvi mmoja mkubwa na wazazi umepungua.

Kukabidhi

Panga siku ya kuondoka tangu mwezi wa kwanza, na uwaambie. Mimi husema miezi 18. Kuanzia mwezi wa 12 nahudhuria nikiwa nimekaa nyuma, kuanzia wa 15 nakuja mara moja kwa mwezi. Katika muda huo kata hamu ya kujibu. Wakikugeukia, nawe mgeukie mwandishi.

Siku ya mwisho kwenye kile kijiji cha nyumba ya bibi, binti wa simu ya dunguni alinipa daftari nilisome. Lilikuwa la nne. Ukurasa ulikuwa na mistari saba, sita ina majibu. Wa saba ulisema: "Dada hatarudi tena." Safu ya pili: "Kijiweni." Ya tatu: "Kaulizwe mwenyewe." Akanipa na kalamu. Niliandika kwamba nitakuja Jumanne ya kwanza ya Agosti, baada ya kuvuna mpunga, nikaweka tarehe, na Jumanne hiyo nilikwenda.